Soko la redio na vifaa vya magari: "Kufunga bure" ni kwa gharama ya nani?

MWENYE kupita Kariakoo, upande wa Gerezani, siku ya Jumamosi asubuhi, hawezi kukosa kulisikia neno hili: "Chukua redio, kufunga bure." Katika duka moja limeandikwa kwa rangi mlangoni, katika duka la pili kijana humtamkia mteja kabla hajauliza bei. Nje, magari ya familia, Noah, Spacio, IST, Ractis na mengineyo ya aina hiyo, yamepangwa milango wazi, dashibodi zimebanduliwa, na chini ya usukani kuna fundi aliyelala chali.

Bei za redio, kamera na spika safu hii haitazitaja leo. Hubadilika kati ya duka na duka, na kati ya asubuhi na jioni, kutegemea mzigo ulioingia na jinsi mteja alivyovaa. Inayostahili kutazamwa ni ile bei moja isiyobadilika, yaani sifuri, inayotozwa kwa kazi ya kufunga. Maoni ya safu hii ni kwamba sifuri hiyo ndiyo bei ghali kuliko zote sokoni, na kwamba mlaji, mwenye duka na fundi wote watatu wangefaidika kama ingefutwa.

Kwanza tuone soko hili linatoka wapi. Sehemu kubwa ya magari ya familia yanayoingia kupitia bandari ya Dar es Salaam ni yale yaliyokwisha kutumika Japani. Redio ya Japani ilitengenezwa kushika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, na zile za miaka ya karibuni hadi 95, wakati vituo vyetu hutangaza kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo mwenye gari hutoka bandarini akiwa na redio nzuri isiyoshika vituo vingi na inayomsemesha Kijapani. Hapo huuziwa kwanza kile kikopo kidogo kinachochomekwa kwenye waya wa antena ili kuyateremsha masafa, na kikopo hicho kinahitaji umeme. Huo ndio waya wa kwanza wa kigeni ndani ya gari. Baadaye huja redio ya skrini kubwa, kamera ya kurudi nyuma, kamera ya kioo cha mbele, alamu, kifaa cha kufuatilia gari, skrini za watoto na soketi za kuchajia simu, na mwenye kupenda muziki huongeza amplifaya na sabufa. Ikipita miaka 2 gari lina nyaya zisizokuwemo katika mchoro wowote, zilizofungwa na mafundi 4 wasiojuana.

Mlaji hudhani amenunua kitu kimoja. Ukweli ni kwamba amenunua vitatu: kifaa chenyewe, vifaa vya kuungia (waya, fyuzi, rilei na soketi), na saa za fundi. Kwenye risiti kimeandikwa kimoja tu. Hivyo viwili vingine havikutolewa sadaka, bali vimepunguzwa mpaka vikatosha ndani ya sifuri. Fundi wa mlangoni mara nyingi hana mshahara dukani. Hupewa kiasi kidogo kwa kila gari, au huachwa ajadiliane na mteja "ya soda". Akikaa saa 4 kwenye gari moja atalala njaa, akimaliza kwa dakika 40 atapata ya watoto. Waya mzuri akiutaka ataununua kwa fedha yake mwenyewe. Nani basi atamshangaa akitumia kipande kilichobaki kwenye gari la jana?

Mwandishi wa safu hii ana sababu ya kulisema jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita alinunua amplifaya mahali ambapo hapatatajwa, akafungiwa bure katika Noah ya nyumbani. Safari ya kwanza ya mbali ilikuwa kwenda Morogoro, mama na watoto watatu ndani. Kabla ya kufika Chalinze mtoto wa katikati alisema kunanuka mpira unaoungua. Baba akamjibu kwamba ni lori lililo mbele. Dakika chache baadaye moshi ulitoka chini ya kiti cha pili. Tulisimama, watoto wakashushwa upande wa majani, na betri ikafunguliwa kwa spana namba 10 tuliyoazimwa na dereva wa Fuso aliyesimama kutusaidia. Sisi wenyewe hatukuwa na spana yoyote.

Kapeti lilipofunuliwa, waya mwekundu utokao kwenye betri kwenda buti ulikuwa umepitishwa juu ya reli ya kiti. Kiti cha pili cha Noah husogezwa mbele na nyuma, na kila kiliposogezwa reli iliutafuna waya kidogo kidogo, hadi shaba ikagusa bodi. Fyuzi ilikuwepo. Ilikuwa huko buti, sentimita 20 kutoka kwenye amplifaya, nzima kabisa, wala isingeungua hata kama gari lote lingeteketea.

Hapa ndipo penye kosa linalouzwa kila siku. Walaji wengi, na mafundi si haba, huamini kwamba fyuzi ipo kukilinda kifaa. Fyuzi hulinda waya. Hulinda ule waya ulio mbele yake kwenda kwenye kifaa, na ule ulio nyuma yake kurudi kwenye betri haiwezi kuufanyia lolote. Betri nzima ya gari ikipigwa shoti hutoa ampea mamia kadhaa kwa mkupuo, na waya usio na fyuzi hugeuka jiko. Ndiyo maana kanuni ya wafungaji wa redio duniani kote ni kwamba fyuzi kuu iwe karibu na betri, isizidi kiasi cha sentimita 45. Kishikio cha fyuzi hiyo na fyuzi yenyewe ni vitu vya bei ndogo sana ukilinganisha na amplifaya. Lakini katika bei ya sifuri hata kitu kidogo hakina mahali pa kukaa.

Tukiwa bado kwenye amplifaya, tutoe ushauri wa soko ambao hautampendeza kila mwenye duka. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, wati 2,000 au 3,000, isomwe kama mtu asomavyo sifa za mchumba kutoka kwa mshenga. Inayosema kweli ni fyuzi iliyochomekwa ubavuni mwa amplifaya yenyewe. Ikiwa ni ya ampea 25, zidisha kwa volti 13.8 za gari linalonguruma, utapata wati 345. Huo ndio umeme wote unaoweza kuingia kwa kudumu, na kinachotoka kwenda kwenye spika ni pungufu ya hapo kwa sababu sehemu hupotea kama joto. Wati 2,000 zitatoka wapi?

Na anayenunua amplifaya kubwa ya kweli auangalie waya. Tuchukue mfano wa hesabu. Amplifaya inayovuta ampea 50 imefungwa kwa waya wa shaba wa milimita 4 za mraba, urefu wa mita 5 kutoka betri hadi buti. Waya huo utapoteza zaidi kidogo ya volti 1 njiani, na joto litakalobaki ndani yake ni kama wati 54. Taa ya mbele ya gari yenye balbu ya H4 hutumia wati 55 ikiwa katika mwanga wa chini. Maana yake ni kwamba umelaza joto la taa ya mbele chini ya kapeti, pale watoto wanapoweka miguu. Ukitumia waya wa milimita 16, joto hilo hushuka hadi kama wati 13. Ni kweli kwamba muziki haupigi kwa nguvu ile ile wakati wote, lakini safari ya Morogoro si ya dakika 5.

Kuna na udanganyifu wa waya wenyewe. Sokoni umejaa waya wa aluminiamu uliopakwa shaba kwa nje, mnene, mwekundu, laini, wenye ganda la kung'aa. Aluminiamu ya namna hiyo hupitisha umeme kwa kiasi cha theluthi mbili tu ya shaba tupu, na ganda nene huuficha ukonde wa ndani. Kuujua si kazi ngumu. Kata ncha, kisha ukwangue uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, ni aluminiamu. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, usiukimbie, hiyo ni shaba iliyopakwa bati ili isishike kutu, na kwa watu wa pwani ndiyo bora. Aluminiamu si haramu. Ununue ukijua, kwa bei yake, na unene uongezwe. Kinachofanyika ni kuuzwa kwa bei ya shaba kwa mtu asiyejua, na hapo Shirika la Viwango na Tume ya Ushindani, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003, wana kazi ya kufanya bila kusubiri barua ya mlalamikaji.

Moto ni nadra. Hasara ya kila siku iko kwenye betri. Redio ya dukani huwa na waya wa njano kwa umeme wa kudumu, unaotunza kumbukumbu, na mwekundu kwa umeme unaokuja ufunguo ukizungushwa. Upande wa gari rangi ni nyingine. Katika Toyota nyingi umeme wa kudumu ni waya wa buluu wenye mstari wa njano, na ule wa ufunguo ni wa kijivu. Fundi mwenye haraka akizipoteza hizo, au akiunganisha njano na nyekundu pamoja ili "redio isisumbue", redio hubaki macho usiku kucha.

Hesabu yake ni nyepesi. Gari lililolala vizuri hutumia chini ya ampea 0.05. Betri ya Ah 45 kwa mwendo huo ingechukua siku 37 kumalizika. Redio isiyolala, pamoja na kamera ya kioo inayolinda gari likiwa limeegeshwa, ikivuta nusu ampea, betri hiyo hiyo haifiki siku 4, na kabla ya siku 2 kutimia imekwisha nusu na starta inaanza kulegea. Gari limeegeshwa Ijumaa jioni, Jumatatu alfajiri watoto wamevaa sare na gari halijibu. Mwenye gari hulaumu betri, hununua nyingine, na baada ya miezi michache hulaumu na hiyo. Betri za asidi na risasi haziponi vizuri zikimalizwa mara kwa mara. Muuza betri wa mtaani ndiye anayekula faida ya kufunga bure, ingawa yeye hakubandika kibao chochote.

Kwa baadhi ya redio za asili za Kijapani hasara ina mkia. Betri ikifa au ikifunguliwa, redio hujifunga na kudai namba ya siri ambayo mwenyewe hakupewa na aliyeiuza Japani. Hapo mlaji hurudi dukani kununua redio mpya, na hufungiwa bure.

Wazee wa kazi hii husema kwamba wao walifunga redio-kaseti miaka ya 1990 kwa kuchuna waya na kuzungushia tepu nyeusi, na hakuna gari lililoungua. Wanasema kweli, kwa sababu Corolla ya kabureta haikuwa na mengi ya kuharibika. Magari ya leo yana kompyuta, ile mafundi wanayoiita kontroli boksi, na nyingine ndogo zinazozungumza baina yao kwa nyaya nyembamba. Testa ya balbu iliyochomekwa kwenye waya wa namna hiyo inaweza kuharibu kitu ambacho thamani yake ni redio kadhaa. Aidha, ziko soketi za njano zinazokwenda kwenye mifuko ya hewa. Hizo hazichunwi, hazipimwi kwa testa, hazipakatwi na waya wa kamera. Nguzo za kioo cha mbele katika magari mengi zina mfuko wa hewa ndani yake, na waya wa kamera uliopitishwa mbele ya mfuko huo badala ya nyuma yake unaweza kuuzuia au kurushwa pamoja nao siku ya ajali. Tepu nyeusi nayo, kwa joto la gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam, gundi yake huyeyuka na tepu hufunguka yenyewe. Kiungo kichomelewe kwa risasi na kivishwe mpira unaonywea kwa joto, au kibanwe kwa kibanio cha saizi yake.

Vifaa vya kufuatilia gari vinastahili makala yao peke yake. Itoshe kusema kwamba vile vyenye uwezo wa kuzima gari kwa simu hufungwa kwa kukata waya wa pampu ya mafuta au wa kuwashia na kupitisha umeme wake ndani ya rilei. Rilei ya bei poa ikichoka, gari huzimika likiwa katikati ya malori, na hakuna mwizi aliyehusika. Mteja aulize rilei ni ya ampea ngapi na imewekwa wapi. Fundi asiyeweza kujibu hajaijua kazi yake.

Mafundi waliozungumza na safu hii hawakukubali kubebeshwa lawama zote, nao wana haki. Mmoja alisema kwamba akimwambia mteja alipie soketi ya kati, ile inayounganisha redio mpya na wayaringi ya gari bila kukata waya hata mmoja, mteja humwona mwizi na kuhamia kwa jirani. Mteja huyo huyo ametoka kubishana robo saa ili redio ipungue bei. Soketi hiyo ni sehemu ndogo sana ya bei ya redio, na faida yake huonekana siku ya kuliuza gari, kwa sababu redio hutolewa na wayaringi ya kiwandani inabaki kama ilivyotoka. Mnunuzi mjanja wa gari lililotumika hufungua kifuniko cha fyuzi na kuchungulia chini ya dashibodi kabla ya kutazama rangi. Akikuta nywele za waya na matepu, hupunguza bei, na hakosei.

Ushauri wa safu hii kwa wenye maduka ni risiti yenye mistari mitatu: kifaa, vifaa vya kuungia, kazi. Mstari wa pili utaje unene wa waya na ukubwa wa fyuzi, ili mlaji ajue kwamba fyuzi ya ampea 15 ikiungua hairudishiwi ya 30, achilia mbali karatasi ya sigara. Mstari wa tatu uwe na jina la fundi, naye alipwe humo. Vyuo vya VETA vinafundisha umeme wa magari, na vijana wanaohitimu huishia kwenye bei ile ile ya soda sawa na aliyejifunza kwa kutazama, maana risiti haina pa kuwatofautisha. Mwenye bima kubwa naye ausome mkataba wake kuhusu mabadiliko yaliyofanywa kwenye gari, ayatangaze, na aitunze risiti hiyo. Siku ya madai ataulizwa.

Wako watakaosema mlaji wa hali ya chini hataweza. Lakini mlaji huyo ndiye asiyeweza kununua betri mbili kwa mwaka. Kama fedha haitoshi kwa vitu vitatu, basi inunuliwe redio ndogo zaidi na ifungwe vizuri. Na kwa mwenye kutaka kujua gari lake limekaaje, amwombe fundi mwenye mita apime umeme unaotoka kwenye betri gari likiwa limefungwa na limetulia nusu saa. Ni kazi ya muda mfupi, na namba itakayoonekana haihitaji mshenga.

Ile amplifaya ya Noah ilifungwa upya katika gereji moja, siku nzima. Waya ulinunuliwa kwa mita, ukapitishwa chini ya plastiki za kizingiti cha mlango mbali na reli, ukavishwa mpira pale unapotoboa bati la injini, na fyuzi ikakaa kando ya betri. Malipo ya waya na kazi yalikaribia nusu ya bei ya amplifaya yenyewe. Duka la kwanza la Kariakoo litakalobandika bei ya namna hiyo mlangoni bila kuona haya litapoteza wateja wiki za mwanzo, hilo hatulifichi. Litawapata tena kadiri betri za majirani zinavyokufa.